Damu ya Kulinganishia

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba wifi na watoto wameamka salama. Mguu wa wifi umepona? Na yule wa mwisho bado anakataa viatu? Huku Mama hajambo. Macho yanamsumbua kidogo, lakini mdomo uko palepale: jana alimfukuza fundi bomba kwa kuingia sebuleni na matope, na fundi mwenyewe ndiye aliyeomba msamaha. Mimi naendelea. Nitakueleza.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatia. Juzi nilipotaja hospitali tu, ulisema mtandao unasumbua, na huku redio yako naisikia vizuri kabisa. Ndiyo maana nimeipitisha barua kwa wifi akuwekee mkononi. Isome mpaka mwisho kabla hujaniita mchawi.

Wewe husema kazi yangu ni kuosha vichupa. Kazi yenyewe ni hii, na habari yote imo humo. Ndani ya seli ya mwili kuna uzi wa vinasaba. Ukinyooshwa unafika kama mita mbili, lakini umekunjwa ukaenea mahali pasipoonekana kwa macho. Kwa kuwa umekunjwa, sehemu mbili zilizo mbali kwenye uzi zinaweza kugusana, kama pindo na kola ya shati lililokunjwa. Na kugusana huko kuna kazi yake. Kuna jeni ambayo haiamki mpaka swichi yake, iliyo mbali kabisa kwenye uzi, ifike na kuigusa. Sisi tunaloweka seli kwenye dawa inayogandisha vyote vinavyogusana, tunakata uzi vipande, tunaunga vilivyogandana, kisha mashine inasoma nani alikuwa na nani. Kompyuta inachora ramani. Panapogusana sana panakuwa pekundu. Pasipogusana panabaki peupe.

Mwaka huu tunapima familia ambazo watu wake huanguka na kufa ghafla kwa moyo, ilhali vipimo vya kawaida vinasema jeni zao hazina kasoro. Unaona ninakoelekea. Baba alianguka karakana akinoa msumeno. Mimi na wewe tulipimwa, tukaambiwa jeni zetu safi, tukanunua soda njiani kurudi nyumbani. Na zilikuwa safi kweli. Hakuna aliyeangalia swichi.

Ili kuisoma ramani ya mgonjwa, lazima uwe na ya mtu asiye mgonjwa wa kulinganishia. Pale kwetu damu hiyo tunaitoa wenyewe, kwa kuwa mkono uko karibu na hauombi nauli. Safari hii ilikuwa zamu yangu, na kwa majibu yale ya zamani nilijihesabu mzima. Mchoraji wa ramani, yaani mwenzetu wa kompyuta, alipoziweka mbili sambamba kwenye kioo, alimwita bosi wetu, profesa tunayemwita Rula kwa urefu wake na kwa kuwa hapindi. Doa jeupe la mgonjwa, pale ambapo swichi haiigusi jeni, lilikuwa pia kwenye ramani yangu, mahali palepale.

Rula aliniita pembeni akaniuliza, kwa upole, kama huenda nilichanganya vichupa. Wenzangu waliosikia wakacheka: huyu anayeandika jina hata kwenye kifuniko cha chakula chake, achanganye vipi? Lakini mimi nililidaka neno hilo kwa mikono miwili. Nikasema ndiyo, huenda nilichanganya, nilikuwa nimechoka. Sikuwa nimechoka. Kaka, niko kwenye kazi ile tangu kabla hujaoa, na ilikuwa mara ya kwanza kuomba niwe nimekosea. Rula alikasirika, akasema kosa kama hilo linaweza kunitoa kazini. Nikamwambia sawa. Nadhani hapo ndipo alipoanza kunitazama vizuri.

Aliamuru damu itolewe upya, na mtu mwingine, nami nisiguse kitu. Kusubiri kulikuwa kubaya. Nilijishika mapigo kwenye foleni, jikoni, bafuni. Yakienda sawa nayaona yananidanganya. Likiruka moja nashika ukuta. Mama akaniuliza kama nimepoteza saa, maana kutwa natazama mkono mtupu.

Ramani ya pili ilitoka na doa lilelile. Mchoraji alinisogezea kiti. Rula alisema ile ni ramani ya utafiti, si cheti cha ugonjwa, nisijizike mapema; kisha akanipeleka mwenyewe kwa daktari wa moyo. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kasoro. Sasa nameza vidonge, na daktari anasema watu wanazeeka navyo. Kwa hiyo usinililie.

Kwa kila dalili, doa hili nimeachiwa na Baba, na mtoto wake yeyote ana nafasi nusu kwa nusu ya kulipata. Nisichokijua ni wewe uko nusu ipi. Ninachokijua ni kwamba unakaa kutwa kwenye kibanda cha winchi, na vyuma unavyoinua vinapita juu ya vichwa vya watu. Tena najua macho yalikuingia giza kwenye ngazi ya winchi, ukamwambia wifi ni njaa na asiseme. Amesema. Usimgombeze.

Sasa hasira zako zote zielekeze kwangu, maana bado kuna hili. Jumatatu nilimpigia msimamizi wako nikamweleza. Aliniuliza kama najua ni watu wangapi wanakitaka kiti kile. Kisha akasema atakuweka chini, kwenye kupokea nondo na saruji, mpaka aone karatasi ya hospitali. Wewe utaambiwa kamba za winchi zinakaguliwa. Kamba hazina neno. Ni mimi. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungeninyima, kisha ungepanda. Huenda nimekukosesha kazi. Huenda kipimo chako kikatoka safi, ukapata haki ya kunisema mpaka tuzeeke. Nakuombea haki hiyo.

Alhamisi ijayo asubuhi daktari wangu atakupokea. Nitakuwa langoni. Hata usiponisalimia, ingia tu.

Mama hajui. Akiviona vidonge anadhani ni vya kuongeza damu. Nataka tumwambie tukiwa wawili, tumekaa mbele yake, nawe una karatasi yako mkononi, vyovyote itakavyosema.

Nisalimie wifi sana, na ahsante yangu kwake usiipunguze. Wapelekee watoto salamu za shangazi yao. Juu yao sijaandika kitu, kwa makusudi. Tuanze na wewe.

Ni mimi mdogo wako, huna mwingine.