Jicho la Mama na Majibu ya Watu

Jumatatu, 12 Januari

Nimeanika mwani peke yangu tangu asubuhi. Mama kabaki ndani. Ijumaa kamba ya mwani ilimpiga jicho la kulia akiwa majini, na sasa hawezi kutazama mwanga. Anasema litapoa lenyewe. Hospitali iko Msambweni, na sisi tuko Mkwiro, kisiwani. Baba yuko kazini Chale hadi mwisho wa mwezi.

Mimi kuuliza watu siwezi. Hata shuleni swali lilinifia mdomoni. Sasa shule imekwisha na bado ni vile vile. Nimeuliza kwenye simu, kundi la "Uliza Kusini Ujibiwe", kwa jina la Binti wa Kisiwani.

"Shikamooni. Jicho la mama limepigwa na kamba. Latoa maji na lina doa jeupe. Tafadhali, tufanyeje?"

Jumanne, 13 Januari

Majibu yamejaa. Nimeyasoma yote. Kinyaa.

"Mwambie mamako aache kuchungulia waume za watu." Wamecheka, wengine wanawake wenye watoto kwenye picha zao. "Tuma kwanza picha yako, msupa, daktari niko hapa." Mwanamume mwenye ndevu nyeupe kaniandikia pembeni, kaniuliza kama nimeshaolewa. Wala hakugusia jicho.

Mmoja kaandika: "Nendeni hospitali leo." Kapendwa na mtu mmoja. Mtu huyo ni mimi.

Jibu lililopendwa kuliko yote: mkamulie maji ya kitunguu jichoni. Aliyeliandika nimemtazama. Anauza viatu Ukunda.

Nimemwambia mama twende hospitali. Kasema mwani utaoza.

Jumatano, 14 Januari



Nimerudi kutoka ufukweni nikamkuta shangazi Mejumaa, dada yake baba, kaketi na mama. Kitunguu kimekatwa kwenye bakuli. Mama kauma leso, anaguna, jicho lachuruzika maji ya kitunguu.

"Njoo, Mwanasha!" shangazi kafurahi. "Kuna binti kauliza kwenye simu, mamake ana jicho kama hili hili. Sikiliza alivyojibiwa."

Kanisomea swali langu. Neno kwa neno, na shikamooni yangu.

Nimesema ni langu. Nimesema mwenye jibu ni muuza viatu. Mama kasema kwa sauti ndogo, "Watu wote hao wamelipenda, mwanangu. Wote ni waongo?"

Nimemwosha jicho kwa maji safi hadi ndoo ikaisha.  Shangazi kaniuliza: "Na wewe waenda kuuliza wasiokujua, sisi tupo?"

 Nawachukia wote waliobonyeza moyo wa kulipenda jibu lile.

Alhamisi, 15 Januari

Tumevuka kwa boti ya kwanza. Mama kajifunika leso usoni, nimemshika mkono kama kipofu. Neno hilo sitaliandika tena.

Daktari kauliza nani aliyetuambia tutie kitunguu. Mama kajibu, "Watu."

Kuna kidonda kwenye kioo cha jicho. Kitunguu kimekichoma zaidi. Mama kalazwa. Hawajaahidi kitu.

Nikiwa kwenye benchi nimeandika kule kundini yaliyotupata. Yule wa viatu kanijibu upesi: "Mlitumia chekundu. Kilitakiwa cheupe." Na hilo nalo limependwa.



Jumatatu, 26 Januari

Mama yuko nyumbani. Kwa jicho lile aona mwanga, na mtu amwona kama kasimama nyuma ya moshi. Daktari kasema kovu litabaki. Mama kasema alhamdulillahi. Mimi bado sijaweza kulisema neno hilo.

Leo mwanamke wa Ramisi kaniandikia. Binti yake mdogo kachomwa jicho na jani la muwa. Kaliona swali langu tu, kauliza kama mama alipona kwa kitunguu. Nimemjibu hapana, ampeleke hospitali. Kaandika: "Lakini wanaokisifu ni wengi."

 Nimemwomba namba yake.

Nimepiga.  "Shikamoo, mama. Mimi ndiye yule binti. Subiri uzungumze na mama yangu mwenyewe."

Mama kamsimulia polepole, bila kumlaumu mtu.  Halafu, kwenye spika ya simu, nikamsikia yule mwanamke akimwita mwanawe avae viatu.