Pale Nilipoandika Mjomba

Nachingwea, Alhamisi, Desemba 1951. Mvua inanyesha tangu alfajiri na chaki zimelowa. Watoto hawakuja shule, nami nimebaki darasani peke yangu na moyo mzito.

Nimedanganya. Nimemdanganya mtu asiyeona.

Niandike kwa mpangilio. Mwalimu asiyeweza kupanga habari yake atawafundisha nini watoto wa watu? Huu ni mwaka wa pili namsaidia Bibi Edith, Mzungu wa misheni, kuitia Injili katika Kimwera. Yeye anajua Kiyunani, mimi najua jinsi mama zangu wanavyosema. Kanisani akina bibi hukaa wakisikiliza Kiswahili cha padri na kuitikia "Amina" wanapoona wenzao wanaitikia. Siku ya kwanza nilipowasomea kurasa zetu, mmoja alinishika mkono akauliza, "Kumbe Mungu anatusikia hata tukisema hivi hivi kikwetu?" Tangu siku hiyo sina raha na kazi nyingine yoyote. Najua nimeitwa, na sijui kulieleza jambo hilo zaidi ya hapo.

Mwezi uliopita ikaja barua ya wakuu wa misheni kutoka ng'ambo. Wananitaka nivuke na Bibi Edith, nikasomee kutafsiri, na kitabu tukimalizie huko huko.

Miaka mitano.

Sasa, sisi Wamwera mtoto ni wa mjomba. Baba anakuzaa, na akikupenda shukuru, lakini wa kukuoza na wa kukurithisha ni kaka wa mama yako, na wewe ndiwe wa kumzika. Wangu anakaa Mbwemkuru. Ni Mwislamu, hakosi swala, na ndiye aliyenipeleka shule ya misheni kwa mikono yake, akinibeba mabegani kila tulipofika penye maji. Nilipobatizwa Stefano hakunisemesha siku tatu, kisha akaniletea kikapu cha ufuta. Mpaka leo ananiita Hamisi.

Kosa lenyewe nililifanya katika hadithi ya yule kijana aliyedai urithi wake, akaenda kuutapanya nchi ya mbali, halafu akarudi nyumbani. Bibi Edith aliporudisha karatasi niliona duara la kalamu nyekundu. Mwanzoni nilikuwa nimeandika baba, vizuri kabisa. Lakini pale kijana anaporudi na mzee anamwona angali mbali, nilikuwa nimeandika mjomba. Bibi Edith alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Sikumbuki hata kidogo kuliandika neno lile.

Jumatatu nikaenda kuomba ruhusa. Nilidandia lori la mradi wa karanga, maana siku hizi malori hayo yanatembea matupu na mradi wenyewe unakufa, nikashuka Ruangwa, nikaazima baiskeli hadi kwa mjomba. Macho yake yote mawili yamezibwa na mtoto wa jicho. Alinijua kwa sauti ya "shikamoo." Nilimsomea ile hadithi, na nikaisoma vile vile nilivyoikosea. Alipofurahi alisahau hata kukohoa. Aliniomba nirudie pale kijana anaporudi, nikarudia mara tatu.

"Utakaa huko siku ngapi?" akauliza.

Mdomo wangu ukasema, "Miaka miwili, mjomba."

Kwa nini nilisema miwili? Kwa sababu miwili huenda akaifikia. Miguu imemvimba, kifua kinamkwaruza, na nyama zote zimemwisha mabegani, pale pale nilipokuwa nikikaa mimi.

Alipapasa mpini wa jembe lake. Kisha akasema, "Nenda, Hamisi. Ila yule mzee wa hadithi, mwenzangu, alikuwa na macho. Mimi ukirudi uniite ungali mbali, nijue ni wewe, nitoke kukupokea."

Nililia njia nzima mpaka Ruangwa, na sioni haya kuandika hivyo.

Bibi Edith anataka jibu kesho, pamoja na ukurasa ulionakiliwa safi. Asubuhi hii nimelifuta neno mjomba nikaandika baba. Karatasi imekwaruzika hapo, na ukiinua kwenye mwanga unaliona la zamani. Jibu sijaliandika. Nikimwambia mjomba ni mitano, labda atanikataza, na akina bibi wataendelea kuitikia wasichokijua. Au atasema niende tu, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Lakini kazi ya kuandika maneno ya kweli siwezi kuianza kwa uongo niliomwambia yeye.

Mvua ikikatika nitaondoka. Jibu la Bibi Edith litangoja. Nikifika kwenye mashamba ya Mbwemkuru nitashuka kwenye baiskeli nimwite ningali mbali, wakati bado yupo wa kutoka.