Kabla Hajauliza Mara ya Pili

Jumapili, 2 Februari 2025

Shikamoo mama. Habari za huko Chapwa mpakani, na mchele unatoka? Mimi huku Lusaka mzima, masomo yanaenda.

Ila mama, tumbo. Tangu juzi linaniuma chini, upande wa kulia, nikitembea nainama. Kwenda kwa nesi wa chuo lazima nipitie kwa Madam Grace, mlezi wetu sisi tunaotoka nchi nyingine. Kila asubuhi anatuzungukia bwenini akiuliza habari. Najibu nzuri, maana huwezi kumrukia mtu mzima na shida hata salamu haijaisha. Nangoja aniulize tena kama nyumbani, habari za tangu jana, mwili unasemaje, hapo ndipo niseme. Haulizi. Anaweka tiki, anahamia kitanda kingine. Simu zinakusanywa sasa hivi, tutapewa tena Jumapili.

Mwanao, Ikupa

Jumatatu, 3 Februari

Marahaba mwanangu. Huku hatujambo, baba yako yuko Ileje shambani.

Najua hutausoma ujumbe huu hadi Jumapili, naandika tu nisije nikapasuka. Leo nimempigia Madam Grace kwa Kiingereza changu cha kuuzia Wazambia mchele. Akaniuliza habari, nikasema nzuri. Za nyumbani, nzuri. Akasema Ikupa naye mzima, amesema mwenyewe asubuhi. Nikashukuru, nikangoja aulize kilichonifanya nipige. Akaniaga. Nimebaki nimeshika simu kama mjinga. Sasa najiambia labda kweli limepoa, si yeye ndiye anayekuona?

Mama yako

Alhamisi, 6 Februari

Ikupa, sijalala. Limepoa wapi, wakati hata mimi nilisema nzuri huku roho inanitoka? Asubuhi nimepiga tena. Alipoanza habari za asubuhi nikamkatiza. Nikamwambia, "Mtoto wangu anaumwa tumbo upande wa kulia. Nenda ukamwangalie sasa." Mara nikasikia viatu vyake vinakimbia, kisha simu ikakatika.

Tangu hapo haipatikani. Nimeshavuka mpaka, niko Nakonde, basi la Lusaka linaondoka saa nane. Nina hasira naye, na nina hasira na adabu niliyokufundisha.

Mama

Ijumaa, 7 Februari

Shikamoo mama. Naandika kwa simu ya Madam Grace. Aliiangusha jana akinikimbilia, leo ndiyo imewaka.

Alinikuta bafuni, nimelala sakafuni. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, wamenifanyia upasuaji jana mchana. Madam hajaondoka hapa, macho yamemvimba. Ameniuliza kwa nini kila siku nilimwambia nzuri. Nimemwambia, "Ile ilikuwa salamu, Madam. Nilikuwa nangoja swali." Amelia mpaka nimemwonea huruma.

Homa haijashuka. Daktari anasema usaha umesambaa, huenda leo wakanirudisha chumba cha upasuaji. Mama, naogopa sana. Uko wapi?

Mwanao

Ijumaa, 7 Februari

Nimeshuka, chuoni wamenielekeza. Niko geti la hospitali. Mlinzi ananisalimia, anauliza habari za safari. Simjibu. Uko wodi gani?

Mama