Elinipa Wawili, Mtamba Mmoja

Arusha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Baridi ya huko Mbinga imepungua? Mimi siumwi. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe usingelala.

Nimekosea kazini, Mama. Mradi wetu unagawa mitamba ya maziwa kwa akina mama waliomaliza mafunzo. Nilipotoa orodha kwenye kompyuta, kila mmoja alijitokeza mara tatu, kwa kuwa alihudhuria siku tatu. Meneja akasema, "Editha, ondoa marudio." Nikaiagiza kompyuta itoe kila jina na kijiji chake mara moja tu. Namba za usajili niliziacha nje, ili orodha ipendeze.

Jumanne, kwenye kijiji kimoja juu ya Tengeru, meneja akaita, "Elinipa Mbise!" Wakasimama wawili, kila mmoja na kamba yake mkononi.

"Mkateni katikati," mzee mmoja akasema, "ila upande wa maziwa nipeni mimi!" Watu wakacheka.

Meneja hakucheka. "Hapa jina ni moja. Nani anajaribu bahati?"

"Hatujaribu, baba," akajibu yule mdogo kati yao, mjane. "Ni jina la bibi yetu. Baba zetu ni ndugu, kila mmoja alimpa binti yake."

Huku ndivyo wanavyorithishana majina, nami nilijua. Hata mwenye nyumba wangu hapa Sokon One ana jina la babu yake. Lakini nilinyamaza. Mtamba akapewa yule mkubwa. Mjane akakunja kamba, akaiweka begani, akaondoka.

Jana nikapewa barua niichape: yule mjane afutwe kwenye kikundi kwa udanganyifu. Nikaichapa, Mama, kwa vidole hivi hivi. Bado nina miezi miwili ya majaribio. Wakiniachisha, sijui mdogo wangu Kandida atamalizaje shule.

Leo asubuhi sikuipeleka isainiwe. Nimempelekea meneja nyingine niliyoiandika mwenyewe, yenye namba za usajili za Elinipa wote wawili, na jina langu chini. Anaisoma sasa, amefunga mlango. Nami nakuandikia hapa mezani nikisubiri.

Msalimie mjomba Osmundi anayekupasulia kuni, na shangazi Editha, wajina wangu. Kandida mwambie asome, asiulize kitu kwanza.

Mlango umefunguliwa. Ananiita.

Mwanao,
Editha