Mwalimu, Ile Kamba Ililowa

Mwalimu Njagi,

Ni mimi, Mwenda wa Githongo, yule uliyemwita Profesa wa Chokaa mbele ya maprofesa wenyewe. Ulisema mwandiko wangu ni kama kuku amekanyaga wino. Haya, kuku ameandika. Soma polepole.

Kwanza habari za uwanja. Tangu tukuzike, mvua mbili zimepita na nyasi imekuwa nzuri kuliko ulivyoiacha. Sijisifu. Sawa, najisifu. Mistari yangu ya chokaa imenyooka hadi mhadhiri aliyepewa ofisi yako akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia nilisomea kwa Njagi, baada ya Kidato cha Pili kunishinda. Hakucheka. Wewe ungecheka, halafu ungeniambia niinue magoti. Kwako dawa ilikuwa hiyo moja tu. Mtu amefeli, amefiwa, ameachwa na msichana: "Inua magoti!" Siku ya mazishi yako nilijaribu. Hayakuinuka.

Sasa sikia. Jumamosi iliyopita idara yetu ya michezo iliwaheshimu watu wake, waliosoma hapa wakafika mbali na walimu waliowafikisha. Kwa walimu, jina lako lilisomwa la kwanza. Kwa wanafunzi, la kwanza lilikuwa la Kanini wa Siakago, yule mwembamba uliyekuwa ukimwambia anakimbia kama anayefukuza mbuzi shambani. Siku hizi anafundisha wakimbiaji chipukizi huko kwao. Lakini ngao alipewa hasa kwa zile mita mia moja alizokimbia hapa kwetu, kwa muda ambao hakuna msichana mwingine wa chuo hiki ameufikia.

Na mama watoto wako akasema atakayeongea kwa niaba ya familia ni mimi. "Yule kijana wa chokaa. Mzee alikuwa anarudi nyumbani na habari zake kila siku."

Mwalimu, nilitaka kukataa. Kwa sababu kuna jambo nilikuficha miaka sita.

Unakumbuka tepu ya chuma ya kupimia ilipokatika, ukaleta kamba yako ya mkonge, mita hamsini, kifundo kila mita kumi? Ulinikabidhi kama mtu anayetoa mtoto. "Hii jioni ilale ndani." Basi jioni ya kuamkia mashindano niliiacha nje. Nilikuwa nawaonyesha wasichana wa bwenini jinsi ninavyotembea kwa mikono, na nilitembea vizuri sana, hilo siwezi kulikana. Mvua ikanyesha hadi asubuhi. Nikapima nayo hivyo hivyo, imelowa chepechepe, maana ulikuwa unapiga kelele tumechelewa.

Mkonge ukilowa hufupika. Mtu yeyote aliyewahi kufunga ng'ombe anajua. Mimi nimefunga ng'ombe tangu nipate akili, na siku hiyo sikuwaza.

Kanini akakimbia. Ukatazama saa yako, ukatazama tena, watu wakambeba juu. Alasiri jua likawaka, kamba ikakauka, nikailaza tena peke yangu. Ikapita mstari wa mwisho kwa hatua mbili nzima. Nikaufuta ule mstari kwa kiatu, nikaenda kula githeri.

Sikukuambia. Hata siku ile hospitalini, ulipokuwa umenishika kidole na huwezi kusema mengi, nilikaa pale nikikusimulia habari za mpira.

Sasa fikiria. Nisimame mbele ya watu wote nikusifu kwamba hukuwahi kuiba hata sentimita moja, na Kanini amekaa pale na ngao ya mita zilizopungua kwa mkono wangu? Nikisema, namvua heshima yake mchana kweupe. Nikinyamaza, nakuzika mara ya pili, na safari hii na uongo.

Nikamwita nyuma ya hema. "Dada Kanini, nisamehe. Zile mita zako hazikuwa mia."

Akaniangalia kuanzia viatu hadi kichwa. "We Mwenda! Kwani hujui? Mwalimu alijua siku hiyo hiyo."

Akanieleza. Kwamba baada ya mbio uliinama ukaishika ile kamba, ukaikuta bado ina maji. Kwamba ulimwita ukamwambia muda ule hautaandikwa, akalia. Kwamba Jumatatu uliazima tepu ya chuma, ukaita wahadhiri wawili na saa zao, akakimbia upya. Muda ukaongezeka kidogo, lakini bado ukawapita wote waliomtangulia. Huo ndio ulioandikwa. Huo ndio wenye ngao.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Si alikutuma nyumbani ukachume kahawa?"

Ai, Mwalimu! Zile siku tatu! Nilifikiri ni zawadi ya mistari iliyonyooka. Nilijigamba Githongo nzima, mama akanichinjia kuku. Na niliporudi ukanipa ufunguo wa stoo. "Shika, Profesa. Kuanzia leo kamba ni yako." Nikajua nimekupiga chenga. Kumbe mpira ulikuwa kwako wakati wote.

Nikamuuliza Kanini, mbona wewe Mwalimu hukuniambia? Akasema naye alikuuliza hivyo hivyo, ukamjibu: "Atasema mwenyewe siku akikua."

Miaka sita ulingoja. Na pale hospitalini, kile kidole... Ulikuwa unangoja, sivyo? Na mimi nakuambia nani alifunga penalti.

Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Nikasimama mbele yao. Ile hotuba niliyoandika, yenye maneno makubwa ya kamusi, niliiacha mfukoni. Nikawasimulia habari ya kamba yote, na kutembea kwa mikono, na kiatu. Nikamaliza hivi: "Mwalimu Njagi alinificha mimi, lakini mita hakuzificha." Nikaketi. Kisha mama watoto wako akacheka huku anafuta macho, na Kanini akainuka, ndipo hema lote likainuka.

Baadaye walioheshimiwa walitembea mzunguko mmoja wa uwanja. Leni ya kwanza, ile ya ndani, iliachwa wazi. Nilikuchorea mwenyewe asubuhi, kwa kamba kavu. Nilipima mara mbili, halafu mara ya tatu kwa tepu mpya. Zilikubaliana.

Lakini wacha nikuambie kitu, na huwezi kunikimbiza mlimani tena. Hapo kwa kungoja ulikosea, Mzee. Mtu anaweza kukua akachelewa. Juzi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliacha wavu wa voliboli nje ukalowa, akaukunja haraka akidhani sijaona. Nilimwita nikamwambia nimeona. Nikampa ufunguo akauanike.

Hivyo ndivyo nitakavyofanya, nakuahidi. Ufunguo nitatoa kama ulivyonipa. Lakini mtu wangu nitamwambia najua, angali ananisikia, ili asije akaandika barua kama hii.

Lala, Mwalimu. Kamba iko ndani.

Wako,
Mwenda