Unga wa Kusubiria Karata

Dilala, Jumapili, 9 Februari. Asubuhi mvua nyepesi.

Mjukuu wangu Kalala,

Mama yako amepona malaria, anakusalimu. Unauliza kama mwenye fedha kidogo anaweza kuishi kwa kuhesabu karata za ishirini na moja.

Mwaka tulipofukuzwa hapa sisi watu wa Kasai, miaka mingi kabla ya kurudi tena, tulingoja treni ya kwenda kwetu siku nyingi kituoni. Wanaume walicheza mchezo huohuo kwa vikombe vya unga, maana pesa haikununua kitu. Babu yako alikumbuka kila karata iliyopita, akajua zilizobaki. Alishinda, kisha akashindwa mfululizo, hadi kikabaki kikombe kimoja: cha uji wa mama yako, aliyekuwa bado mdogo.

“Karata kubwa yote iko mule,” alisema. “Itatoka tu. Mi nangoja.”

Mchuuzi aliyegawa karata akacheka. “Ngoja basi, tata mzee. Utangoja na nini?”

Babu yako akanipa kikombe, akabaki amesimama akitazama. Karata kubwa zilitoka kama alivyosema, zikawanufaisha wengine. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Unga ndio haukutosha kuisubiri.

“Inauma?” nilimuuliza nikikoroga uji.

“Kidogo. Lakini nilihesabu muzuri, hapana?”

Ninazima taa, saa nne na robo usiku.

Bibi yako