Kopo la Vipande Sita

Ulemo, Iramba

Baba mkwe, Mzee Yeremia,

Shikamoo baba, na mama naye umfikishie shikamoo yangu. Goti lako linaendeleaje na baridi hii ya Juni? Huku sisi ni wazima. Nikisema sisi namaanisha mimi na kuku. Naandika kwa sababu kwenye simu ningekata kabla sijafika penyewe.

Mwezi wa nne nilimsikia mtaalamu redioni akieleza kwamba kuna vitu vidogo mno, hakuna koleo la kuvishika. Wanaviacha tu kwenye maji. Joto linavitikisa ovyo, vinagongana, vinavyolingana vinashikana, na kitu kinajiunda chenyewe. Nilicheka mpaka binti yenu Raheli akaniuliza kama naumwa.

Ili kumwumbua mtaalamu, nilikata vipande sita vya ndoo, nikabandika sumaku za simu mbovu kwenye kingo, nikavitia kwenye kopo linaloonyesha ndani, kifuniko nikakiziba kwa gundi. Nikaliweka juu ya mashine yangu ya kukamulia alizeti. Siku ya tatu nikakuta kiboksi kamili, pande zote sita.

Raheli ndiye aliyesimamia mashine siku hiyo. Alisema injini ilivirusharusha, viwili vikashikana, vikaachana, vikashikana tena na cha tatu. Nikamwambia vipande havina mikono.

"Na yangu haijagusa," akasema.

Nikamwita mwongo mbele ya wateja. Akaosha sufuria, akafunga mzigo. Nyie mliambiwa amekuja kwenu Kintinku kupumzisha kifua, eti vumbi la mashudu. Baba, hakuna vumbi.

Wiki iliyofuata nililitikisa kopo kwa nguvu, kiboksi kikasambaratika. Nikalirudisha juu ya mashine, nikakodoa macho. Gunia la pili halijaisha, vipande vimejipanga. Nikakalia mashudu ya moto bila kujua. Ndipo nikaikagua gundi. Ilikuwa nzima, kama nilivyoipaka. Siku ile nilipomwita mwongo sikuiangalia.

Sasa lililo baya zaidi. Hayo niliyajua wiki sita zilizopita. Nikanyamaza. Watu walikuja kutazama kopo, wakaniita Profesa, nami nikaitika. Niliwaambia mimi ndiye niliyeona wa kwanza.

Jana niliwaambia ukweli, kwamba aliyeona ni Raheli na mimi nikamtukana. Waliondoka, na uprofesa wao wakaondoka nao.

Jumamosi nitafika kwenu. Kopo nitaliacha huku. Umwambie Raheli siji kumwonyesha kitu. Nakuja anisimulie alivyoona.

Msalimie mama, na pole ya goti.

Mkweo,
Obadia